Mistari Miwili Uliyoiona Jikoni

Kwako mkwe wangu,

Salamu sitazirefusha. Huku tu wazima, cherehani yangu imepona, na mkeo anakula vizuri, tumbo linakua. Ya heri yameishia hapo.

Mwanangu alikutwa na kaswende kliniki ya wajawazito. Alikwambia siku hiyohiyo, akachomwa sindano zake zote. Wewe ukagoma kupimwa. Halafu ukanunua kipimo cha duka la dawa, ukamtoboa kidole jikoni, ikatoka mistari miwili, ukamtupia nguo nje. "Umetibiwa na bado unao! Rudi kwa mabwana zako!" Majirani wote wakasikia.

Mimi sikusoma, lakini nilimuuliza nesi mpaka akanicheka. Kipimo chako kinaonyesha askari wa damu waliopigana na ugonjwa, na hao kwa watu wengi hawaondoki hata mtu akipona. Kujua kama dawa imefanya kazi, kuna kipimo kingine cha maabara, chenye namba inayoshuka mtu akipona. Ya mwanangu ilikuwa thelathini na mbili, sasa ni nne. Inashuka, bwana mkubwa. Yako ni ngapi?

Umesema Jumamosi unakuja kumchukua. Njoo, lakini pita kliniki kwanza. Ukilala naye bila kutibiwa utamrudishia ugonjwa, na mjukuu wangu atazaliwa nao, au asizaliwe kabisa. Usipopita, chai utainywea nje, na mlangoni nitakuwa nimekaa mimi na kigoda changu.

Ni mimi mama mkweo, niliyekuwa nakuita mwanangu.