Sahani ya Kiroboto

4 Februari

Mdogo wangu Kiroboto,

Salamu nyingi, nikitumai afya haijakutoroka kama ilivyonitoroka mimi. Hapa tu wazima, ukiondoa mgongo wangu, ambao tangu nifikishe hamsini una maoni juu ya kila ninachoinua.

Mama mwili wake haujambo. Ni ule ugonjwa wa kusahau ndio umekaza mwendo. Mimi si mwanawe tena. Ni fundi viatu aliyekuja kushona kandambili akanogewa. "Hivi huyu fundi hana kwao?" anamwuliza jirani, nami nipo papo hapo, uzi mdomoni. Kila alasiri anavuta kiti mlangoni kukungoja utoke shule. Chakula chako kiko mezani, sahani juu ya sahani, na ole wake atakayekigusa. Juzi nikamwambia, "Mama, Kiroboto ana miaka arobaini na sita, yuko ng'ambo anauguza wazee." Alilia kama nimemletea tanzia, kisha akatoka kukutafuta. Nilimkuta karibu na barabara kuu, kiatu mguu mmoja.

Nimeshindwa. Hii ni kazi yako, nesi. Njoo, tafadhali, kabla hujafutika na wewe kama mimi.

Kaka yako


27 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo, na pole ya mgongo. Mimi mzima, miguu tu imevimba kwa zamu ndefu.

Usibishane naye. Kila unapomwambia nimekua unamnyang'anya mtoto, naye anaanza msiba upya. Hapa kwenye nyumba yetu ya wazee kuna bibi anayemngoja mumewe atoke kazini. Hatumwambii kwamba alishazikwa. Tunavuta kiti, tunamwuliza alikuwa mtu wa namna gani. Akishasimulia, roho inatulia. Nawe keti naye, umwulize habari zangu. Jua likianza kushuka, kile chakula ukile wewe kwa siri, umwachie sahani tupu aione.

Likizo nimeomba, msimamizi anasema mwezi wa sita. Nikimchana nywele bibi huyu, mikono inaniuliza inafanya nini huku, na kichwa cha Mama kiko huko.

Mdogo wako


30 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, mwalimu. Huku kwema, na dawa yako imefanya kazi, ila imeudhuru mkanda wangu.

Sasa tunangoja pamoja. "Huyo mtoto wako anatembeaje?" namwuliza. "Hatembei, anaruka. Ardhi yenyewe haimjui." "Ana kaka?" "Anaye. Mvivu, lakini ana moyo mzuri." Nimelipokea hilo, maana nilipokuwa mwanawe sikuwahi kusifiwa kiasi hicho. Kisha najibanza nyuma ya mlango wa jiko na sahani yako, natafuna kama mwizi. Akiiona tupu anacheka, "Kumbe kapitia nyuma, mjanja yule," anakwenda kulala kwa amani. Nanenepa kwa niaba yako.

Nilimwonyesha picha yako ya sare za kazi. Aliipapasa shavuni. Mimi nasema anakujua bado. Usichelewe.

Kaka yako


19 Julai

Kaka yangu,

Shikamoo. Nilifika salama, na kazi nimeanza. Ahsante kwa kunisindikiza, na kwa kujifanya unatafuta miwani iliyokuwa usoni mwako ili usinitazame nikilia.

Kuna jambo sikukueleza. Unajua nilivyokaa siku zote zile za likizo, mgeni wa Mama. "Mgeni, hujampita mwanangu njiani?" "Nimemwacha nyuma kidogo, anakuja." Tukivuta viti, tukimngoja. Alinisimulia jino langu la kwanza lilivyong'oka, nilivyomkimbia jogoo nikaingia ndani ya pipa. Kaka, nimejua nilivyopendwa kwa kuwa msemaji hakujua anamwambia nani.

Alasiri ya mwisho, ulipokwenda kupeleka viatu vya watu, nilivunja sheria yangu mwenyewe. Nilimshika mikono. "Mama, ni mimi. Kiroboto. Nimerudi."

Alinitazama sana, kwa huruma, kama unavyomtazama mtoto wa watu aliyepotea. "Maskini," akasema. "Kumbe na wewe una mama anayekungoja?"

Nikamwambia ninaye.

Akainuka, akaniletea ile sahani. "Basi kula kwanza, mwanangu hana choyo. Halafu uende, usimweke mwenzangu mlangoni."

Nilikula yote. Sijui kilikuwa chakula gani.

Mdogo wako


11 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Mgongo unakusalimu. Miwani nilikuwa naitafuta kweli. Usinipe sifa za bure. Barua yako niliisoma nikiwa kazini, na kuna mteja amerudi na kiatu ambacho nilikishona mdomo, mguu hauingii.

Sasa sikia. Tangu uondoke, mlangoni panawekwa viti viwili, na mezani zinafunikwa sahani mbili. Nilitaka kukalia kile cha pili, nikafukuzwa: "Fundi, hicho kina mwenyewe." Nafanyia kazi juu ya ndoo. Nikauliza hiyo sahani nyingine ni ya nani. "Ya yule mgeni. Amekwenda kumwona mama yake, atarudi."

Nikatumia mbinu yetu ya kawaida, nikazimaliza zote. Sahani yako ya utoto aliiona, akacheka kama siku zote. Ile ya mgeni aliigeuza geuza, akatikisa kichwa. "Si yeye huyu. Yule hawezi kula akaondoka bila kuniaga." Tangu hapo ya mgeni siigusi. Inalala imefunikwa mpaka asubuhi.

Jana akaja mpaka kwenye ndoo yangu. "Fundi, kuandika unajua?"

"Najua kidogo, Mama."

"Mwandikie yule mgeni. Mwambie asione haya kurudi, hata kama mwanangu hajafika bado."

Basi, ndiyo nimekuandikia.

Kaka yako, fundi