Kapteni Amepakwa Rangi Mpya

Bi. Winifred mpendwa,

Sijawahi kuiandikia safu yako ya ushauri gazetini hata siku paka wangu alipopotea, lakini leo nimekaa na kalamu kwa sababu nisipomwambia mtu nitapasuka, na mtu huyo asiwe wifi yangu Fern, maana Fern ukimwambia jambo asubuhi, mchana limeshafika kanisani. Naomba msaada wako, na ukinigombeza nitavumilia.

Mimi ni mjane wa miaka sitini na tisa, hapa hapa Kaunti ya Berks. Mume wangu Merritt alifariki Novemba iliyopita. Miaka arobaini na tatu ya ndoa tuliitumia kuzunguka minadani na kwenye mabanda ya wakulima tukitafuta vitu vilivyotengenezwa zamani na watu wasio na majina, vitu vya kuchonga, vya kushona, vya kufinyanga, na kila tarehe nne Julai, sikukuu ya uhuru wa nchi yetu, tunatandika meza ndefu uani, watu ishirini na kitu, na katikati ya meza, toka mwanzo hadi mwisho, hatuweki maua ya dukani wala vibendera vya karatasi, tunapanga vitu vyetu: bendera ya taifa ya zamani, ya nyota kumi na tatu, ambayo mwanamke fulani aliishona kwa mkono na nyota moja akaiweka kichwa chini, tai wa mbao mwenye uso wa kuku, mitungi ya udongo yenye ndege wa bluu, Mjomba Sam, yule mzee anayechorwa kuiwakilisha nchi yetu, ambaye kofia yake imeliwa na panya. Kisha tunajaza mayai yaliyolowekwa kwenye bitiruti yakawa mekundu, saladi ya viazi, mahindi na kuku wa kukaanga, mpaka anayetaka chumvi itabidi amwombe ruhusa tai.

Merritt alikuwa na tabia ya kuandika kwa penseli chini ya kila kitu tulichonunua. Tulikipata wapi, kwa nani, siku hiyo kulikuwaje. Basi kwetu hakuna anayeshika uma kabla ya kusoma. Kila mtu ananyanyua kitu kilicho mbele yake, anakipindua, anasoma kwa sauti kilichoandikwa chini, ndipo tunakula. Fern kila mwaka hupiga kelele, "Haya, tusome makalio upesi, kuku wanapoa!" na kila mwaka tunacheka kana kwamba ni mara ya kwanza.

Wa mwisho siku zote ni Kapteni. Kapteni ni askari wa mbao mwenye koti la bluu, urefu wake toka kiwiko changu hadi ncha za vidole, na mikono yake ni mipana kama makasia, upepo ukivuma inazunguka. Alichongwa na mkulima tusiyemjua ili akae juu ya nguzo ya uzio. Rangi yake ilikuwa imepauka na kubanduka, na wewe usiyekusanya vitu hivi huenda ukashangaa, lakini rangi hiyo ya zamani ndiyo tunayoitafuta, hatuoshi, hatung'arishi, hatugusi. Merritt aliwahi kummulika Kapteni kwapani kwa tochi akahesabu rangi tatu, nyekundu chini kabisa, juu yake bluu, juu yake bluu nyingine, akawa na furaha wiki nzima. Na kwa kuwa mikono yake ilikuwa imelegea, Kapteni peke yake hapinduliwi mbele ya watu. Merritt alikuwa anasimama, anayasema maneno ya Kapteni kwa kichwa, na meza nzima inanyamaza.

Sasa nakuja kwenye aibu yangu.

Mwanangu Dwight alimwoa Noemi miaka mitatu iliyopita. Noemi alizaliwa ng'ambo, Santo Domingo, akakulia Reading, mji wa hapa kauntini, baba yake ana gereji ya kunyoosha mabodi ya magari, na Noemi ndiye fundi wake wa rangi. Mezani kwetu ameshakaa mara mbili. Mwezi wa tano mwaka huu alikula kiapo cha uraia, nilikuwepo, nililia kuliko mama yake, na tulipotoka akanishika mkono akaniambia, "Mama, Julai hii siji kama mgeni. Nipe kazi." Nikacheka nikamwambia, "Kazi ipo. Mchukueni Kapteni mkamkaze mikono. Mtengenezeni vizuri, awe tayari." Maneno hayo ni yangu, Bi. Winifred, siyakatai.

Jumapili ya juzi walikuja, Noemi kabeba kitu kwenye taulo.

"Mama, fumba macho."

"Noemi, mimi ni mtu mzima."

"Fumba tu, Mama! Haya, sasa tazama."

Kapteni alikuwa anang'aa kama gari jipya. Koti la bluu ya kuumiza macho, vifungo vya dhahabu, mashavu mekundu, hata nyusi kapewa. Noemi akampulizia kwa mdomo, mikono ikazunguka imara bila kulegalega. "Nimempiga msasa, nikampaka rangi ya chini, halafu bluu mara tatu," akasema, na uso wake ulikuwa umejaa furaha. "Hata huku chini nimepaka, Mama, maji yasiingie kwenye mbao."

Nikampindua. Chini palikuwa bluu tupu.

"Umemuua," nikasema.

Dwight akasema, "Mama, taratibu." Lakini mimi utaratibu ulikuwa umeshanitoka, nikamwambia mkwe wangu, "Hivi ni vitu vyetu, Noemi. Wewe hutavielewa kamwe." Afadhali angenijibu vibaya. Alisema, "Sawa, Mama," akalikunja lile taulo pembe kwa pembe, akaenda kukaa garini.

Alhamisi Dwight akapiga simu kuniambia kwamba Julai watakaa kwao. Nikamuuliza, "Noemi mwenyewe anasemaje?" Akasema, "Anasema meza ni yenu."

Tangu siku hiyo sili vizuri. Fern anasema nimvue Kapteni hiyo rangi kwa dawa, lakini mzee mmoja wa minadani kaniambia dawa itaondoka na kila kitu. Binamu yangu anasema nimfungie kabatini nitafute mwingine. Mimi nawaza kutotandika meza kabisa mwaka huu, na kama ni kuitandika, sijui Kapteni nimweke wapi wala nimwambie nini Noemi.

Na jambo moja zaidi, maana nimeshafika mbali. Watu wote nimewaambia kinachoniuma ni ile rangi ya zamani. Si kweli. Pale chini Merritt alikuwa ameandika, mwaka wetu wa kwanza wa ndoa, kwa penseli iliyofifia hata asiyejua angedhani ni uchafu tu: "Kwa mjane mmoja, njia ya Oley. Mvua. Arlene amekataa kurudi nyumbani bila huyu." Tangu tumzike, kila asubuhi kabla ya kahawa nilikuwa nampindua Kapteni polepole, nasoma, namrudisha mahali pake. Hilo Noemi halijui. Halijui mtu yeyote.

Wanaonijua watanijua tu, kwa hiyo sijifichi.

Arlene, Kaunti ya Berks

*

Arlene,

Pole. Pokea pole yangu ya kweli kabisa sasa hivi, kwa sababu nikishaanza sitasimama tena kuirudia.

Umeniandikia kurasa nne, na jambo lenyewe ukalificha kwenye mistari ya mwisho, baada ya Fern, baada ya binamu, baada ya mzee wa minadani. Kama mimi nimelipata huko mkiani, Noemi angelipata wapi? Yeye anajua kwamba amepaka rangi mpya mahali pa rangi ya zamani. Hajui kwamba amefuta mwandiko wa mume wako uliokuwa unausoma kila asubuhi. Umemhukumu kwa kosa ambalo hukumtajia, halafu unashangaa kwa nini hakujitetea.

Na hukumu yenyewe! "Vitu vyetu." Mwezi wa tano huyu binti kanyoosha mkono mbele ya hakimu, nchi nzima ikamwambia karibu, wewe mwenyewe ukalia machozi. Mwezi wa sita mama mkwe wake kamwambia hizi nyota na tai na askari ni vyetu, si vyako. Arlene, hukuwa unazungumzia mbao. Au labda ulikuwa unazungumzia mbao, lakini neno ulilolichagua lilikwenda kugonga pengine, na unajua lilikogonga, ndiyo maana huli. Yeye alikuambia haji kama mgeni, wewe ukamrudisha mlangoni.

Usidhani nakusema nikiwa nimekaa juu. Mimi nilimfukuza dada yangu jikoni kwa sababu alikisugua kwa sabuni kikaango cha chuma cha bibi yetu, akakitoa mafuta yaliyokishika kwa miaka. Kikaango kilirudi hali yake baada ya miezi miwili ya mafuta. Mimi na dada yangu tulikaa miaka miwili bila kusemezana. Nilikuwa na kikaango kizuri sana na hakuna wa kumkaangia.

Tuje kwenye rangi, maana najua wakusanyaji wenzako watanitumia barua za hasira. Wewe ndiye uliyeniandikia kwamba Merritt alihesabu rangi tatu kwapani. Zilifikaje pale, Arlene? Kapteni alikuwa anakaa juu ya nguzo, ananyeshewa, anapauka, na mtu fulani kwenye shamba lile akasema huyu anatia huruma, akachukua brashi. Miaka ikapita, mwingine akafanya vilevile. Mume wako alifurahi wiki nzima kwa sababu ya watu waliofanya hicho hicho alichofanya mkwe wako. Ukimhesabu na mchongaji, Noemi ni wa nne. Ila huyu wa nne mnamjua jina, na hakumkuta Kapteni kwenye nguzo, alikabidhiwa na wewe kwa mdomo wako ukamwambia amtengeneze vizuri. Kwenye gereji ya baba yake, kutengeneza vizuri ndiko huko. Ungemwambia mkusanyaji angekuelewa. Ulimwambia fundi rangi.

Mwandiko umekwenda. Hapo sina maneno matamu ya kukupa, nami nimeumia kukusoma. Asubuhi zile zilikuwa zako, na una haki ya kuzililia hata mbele ya Noemi. Hasa mbele ya Noemi.

Kwa hiyo, hivi ndivyo utakavyofanya. Usimvue Kapteni rangi. Usimfungie kabatini, na usithubutu kununua mwingine wa kumfanya aonekane wa zamani. Meza utaitandika, kwa sababu Merritt akijua hukuitandika kwa ajili ya ugomvi wa rangi atakucheka huko aliko.

Wiki hii, si wiki ijayo, nenda Reading. Usipige simu, na Dwight usimtume. Huyu mtoto ameshabeba maneno ya kutosha kati yenu. Nenda gerejini kwenye harufu ya rangi, ukiwa na Kapteni mkononi na ile penseli ya Merritt mfukoni, nami najua unayo, wajane hawatupi penseli. Kwanza mwambie, "Nilikuambia neno baya na si kweli." Ukifika hapo simama. Neno "lakini" liache nyumbani. Kisha mwambie habari ya kila asubuhi kabla ya kahawa. Atalia. Mwache alie, nawe usimwambie haidhuru, maana imedhuru na nyote mnajua.

Akishafuta macho, mpindue Kapteni. Mikono hailegei tena, mwenyewe umeona, kazi hiyo ilifanywa na mtu anayejua. Penseli haishiki juu ya rangi inayong'aa, kwa hiyo mwombe fundi akupigie msasa kidogo pale chini, upana wa kiganja. Kisha mpe penseli.

Usimsomee cha kuandika. Amekaa mezani kwako Julai mbili na amemsikia Merritt akisimama kuyasema maneno yale wakati watu wote wamenyamaza. Wewe nyamaza uone. Nadhani utashangaa kwamba Merritt yumo kwenye kichwa cha mtu mwingine pia, mtu uliyedhani hataelewa. Akimaliza, mwambie aandike chini yake jina lake, mwaka huu, na siku hiyo kulikuwaje, kama Merritt alivyokuwa anafanya.

Tarehe nne mweke Kapteni mwisho wa meza, upande upepo unakotokea, azungushe hiyo mikono mbele ya watu badala ya kukaa katikati ya saladi akiogopwa kuguswa. Fern akishapiga kelele yake, na wengine wakishasoma vyao, zamu ya Kapteni ikifika, asimame Noemi. Miaka yote hiyo maneno yale yalisemwa kwa kichwa kwa kuwa mikono ilikuwa imelegea. Mwaka huu kwa mara ya kwanza Kapteni atapinduliwa mbele ya meza nzima, na yatasomwa.

Na kama Noemi atakuwa amekosea neno moja alipoyaandika, Arlene, usimsahihishe.

Winifred