Mafua Hayakumuua Mtoto

Bulla Pesa, Isiolo
9 Septemba 1981

Mama yangu mpendwa,

Salaam aleikum. Miguu inaendeleaje? Mbuzi wamepona kuhara? Sisi tu wazima, alhamdulillahi, ila vumbi la mwaka huu litatuzika. Mke wangu Nimo anakusalimu sana. Mimba yake sasa ni ya miezi sita.

Ndugu yangu Halake ameniambia ulifurahia habari hiyo, kisha ukasema hutakanyaga kwetu mpaka mtoto afikishe mwaka, usije ukamletea ugonjwa tena. Nilikosa pa kuweka uso.

Mwaka juzi ulikuja unakohoa, Nimo akaambukizwa mafua hayo, na baada ya wiki mbili mtoto akazaliwa amekufa. Watu wakasema ni mafua ya bibi. Ulifunga mzigo ukaondoka bila hata kunywa chai. Nilikusindikiza hadi stendi na sikusema neno.

Mama, nilikuwa najua. Mwezi mmoja kabla, kliniki ya wajawazito ilimpima Nimo damu, ikampa karatasi aniletee. Yeye hajui kusoma. Iliandikwa kwamba ana kaswende, twende sote tudungwe sindano. Ugonjwa huo niliutoa Nairobi, kwenye safari zangu za kupeleka ng'ombe. Niliona haya kupanga foleni mbele ya wauguzi wanaonijua. Nikaichana karatasi, nikamwambia Nimo damu yake ni safi. Husemwa mficha uchi hazai. Nilificha, na kweli sikuzaa. Daktari amenieleza wazi kwamba ni kaswende iliyomuua mtoto, si kikohozi chako.

Safari hii nilienda kliniki. Tumedungwa sote, na Nimo nimemweleza yote. Hakupiga kelele. Alisema tu nisimsemeshe mpaka nikuandikie wewe.

Najua anayekusomea barua na kukutafsiria ni jirani yako Kabale, na ndiye aliyeeneza kwamba wewe ni mkosi kwa wajukuu. Ningeweza kumtuma Halake akueleze faraghani, lakini wewe ulilaumiwa hadharani. Kwa hiyo Kabale, usipunguze sauti wala usigeuze neno. Rudia pale nilipotaja kaswende, kisha uwasomee na wanawake wa kisimani.

Mama, njoo Desemba. Ukiwa na mafua, subiri yapoe, halafu njoo. Nimo anataka mtoto apokewe na mikono yako.

Wasalimie wote, hata watakaonicheka.

Ni mimi mwanao, niliyekuacha ubebe aibu yangu,
Molu