Mwaka wa Kwanza Bila Mnyoosha Farasi Wetu

Jirani yetu, fundi cherehani, anaapa alikuona ukiruka kiunzi cha farasi mwenyewe, kofia mkononi, farasi amesimama anakutazama. Mama humjibu, “Kwa goti lile bovu? Uliona mtu mwingine!” Mwaka umetimia, Baba, tangu ututoke, na ubishi huo bado haujaisha.

Mimi nilikuwepo. Kombo, yule farasi mdogo wa rangi ya majivu, alikuwa kila akikaribia kiunzi anakwepa kushoto. Wenzako wa bandani walimvuta hatamu kulia, naye akazidi. Wewe ulichukua ndoo ya maranda, ukamwaga mstari kutoka kwenye kona ya uwanja hadi katikati ya kiunzi, ukautembea, ukavuka ufito wa kiunzi uliolazwa chini. Hukuruka, Baba. Ulivuka ukiguna.

“Kosa haliko kwenye kiunzi, liko kwenye kona,” uliniambia. “Akitoka pale amenyooka, mwache aende. Na wewe tazama mbele, usimtazame masikio.”

Hukuwahi kumpiga farasi. Nyumbani nako ulinyoosha viti kabla ya kukaa, mpaka Mama akasema, “Mume wangu, mimi usininyooshe, nimeshazeeka.” Ulicheka hadi chai ikamwagika.

Ulipoondoka, Kombo alirudia kukwepa. Mwezi uliopita mwenye farasi akasema atamuuza. Nikamwomba wiki tatu za kumnyoosha. Siku ya kwanza nilikuwa na haraka, nikaweka ufito juu. Kombo akakwepa, mimi nikabaki nimekaa vumbini. Nikakumbuka ulivyokuwa ukiniambia: “Shusha, mama, shusha kwanza.” Nikashusha hadi chini, nikaanza upya kwenye kona.

Juzi amekwenda mara sita bila mstari wowote, katikati kabisa. Ungemwona! Mwenye farasi alikuwa ameegemea uzio. Nikamwomba asimuuze, na kazi yako anipe mimi.

“Wewe uliyeishia darasa la saba?” akauliza.

“Baba hata la nne hakufika,” nikamjibu.

Akatazama saa yake, akaondoka.

Unakumbukwa na mkeo, dada yako mkubwa, wanao wanne, wajukuu zako, wenzako wa bandani, na mimi, kitindamimba wa hao wanne. Siku zote utakuwa mioyoni mwetu, Baba.

Leo asubuhi nimemuuliza tena mwenye farasi. Bado hajanijibu.