Ufa wa Upande wa Tanuri

Jumapili, 9 Februari

Kijijini Ipole. Nimechoka, na sijashika jembe. Baada ya ibada watu wamenizunguka tena — wewe uliyesomea fizikia, tetemeko litarudi lini? Lile la mwezi uliopita lilikuja mbalamwezi imejaa, na Jumatano mwezi unakuwa mpevu tena. Nikaeleza. Mwezi unavuta bahari, unavuta na ardhi. Hata hapa tuliposimama inapanda na kushuka kila siku, wala hatuhisi. Mwamba uliokwisha kukazwa, ukabaki kidogo tu uachie, huenda mvuto huo ukausukuma. Huenda. Siku hakuna awezaye kuitaja.

Mzee Ngollo, jirani yetu, akasema: basi ni Jumatano.

Wakaondoka wameridhika.

Jumatatu, 10 Februari

Bani letu la kukaushia tumbaku lina ufa tangu lile tetemeko. Ukuta wa upande wa tanuri, kutoka kwenye paa hadi chini. Baba aliukandika udongo, akapakia majani kama kawaida. Leo umefunguka tena. Joto ndani, mvua nje.

Nikamwambia, Baba, ukuta huu hausubiri tetemeko.

Akasema, nimekusikia mwanangu, Jumatano siingii.

Amesikia nini?

Jumatano, 12 Februari

Kimya. Kijiji kizima kimekaa uani tangu jua lizame, Mama kapika nje. Mwezi umetoka mwekundu kwa moshi wa mabani. Baba amechochea moto kutoka nje, ndani hakukanyaga. Mzee Ngollo kapita na kiti chake kichwani: Mwalimu, mbona mwezi wako mvivu? Watu wakacheka. Na mimi.

Alhamisi, 13 Februari

Imenyesha alfajiri. Jana vidole viliingia ufani. Leo kiganja kizima.

Nilimpeleka Baba akaone. Nikasema ukuta, nikasema mvua, nikasema moto. Mwezi sikuutaja kabisa. Akanitazama kwa upole, kama anavyotazamwa mtoto anayeogopa radi. Jumatano imepita, Elieth. Si wewe uliyetueleza?

Nikaenda kwa Mama. Yeye: mwache baba yako, umemtisha vya kutosha.

Majani yaliyokauka lazima yashushwe leo. Mabichi yamerundikwa kivulini, yakilala tena yataoza, na ndiyo mavuno yetu ya mwaka. Nimejitolea niingie mimi, mwepesi. Hataki. Kazi yangu kukaa mlangoni, kupokea fito zilizofungiwa majani.

Nipo mlangoni. Daftari gotini. Ndani Baba anapiga mluzi, wimbo wa ibada ya Jumapili. Hajapiga mluzi tangu Januari. Udongo alioukandika unadondoka, punje punje, kwenye nguzo za chini.

Nimemwita. Anacheka. Jana mwezi, leo ukuta?

Anapanda safu ya juu ya fito, ile iliyoshikwa na ukuta wa tanuri. Ufito wa kwanza huo, anasema, unyooshee mikono.

Naweka kalamu.