Kungoja Hewa ya Mama Filbati

Jumamosi, alasiri, Izia.

Jua lipo lakini ni la picha tu, halimpashi mtu joto. Nimetoka hospitali vidole vimekufa ganzi, nimekaa jikoni nimelikumbatia jiko la mkaa, simu mkononi. Sina raha leo.

Mama Filbati ni jirani yangu, ua wake umegusana na wangu, na ndiye anayetuanzishia rozari kwenye jumuiya. Alhamisi walimpasua. Utumbo wake mpana ulikuwa umejisokota kama kamba ya ndoo, tumbo likaumuka mpaka ngozi ikawa inang'aa. Wakausokotoa, wakakata kipande kilichokwisha kufa, wakashona. Sasa tunangoja kitu kimoja. Tunangoja hewa itoke kwa chini.

Ikitoka, ina maana utumbo umeamka, na ataruhusiwa uji. Isipotoka watafungua tena, na daktari mpasuaji hakutuficha. Alisema mwili wa yule mama hauna nguvu ya kupasuliwa mara mbili.

Kwa hiyo watu wazima na akili zetu, watu wa ndoa za kanisani, tumejipanga kwenye benchi tangu jana tunaomba kitu ambacho mtoto akikifanya wakati wa kula anafukuzwa mezani.

Mwanangu Gaudensia ndiye aliyenifungulia blogu hii, na wanaoisoma wananijua: sichoki kumtaja. Sitachoka. Mimi niliishia darasa la saba, baba yake la tano, na tumemzaa daktari. Tena si daktari wa kuandika panadol. Anatafiti mwendo wa matumbo. Alinionyesha kwenye kompyuta yake: wanamwingiza mtu mrija mwembamba sana, unasikia utumbo unavyokaza na kulegea, kisha mistari inajichora, milima na mabonde, kama barabara ya kushuka Kasanga. Palipo na mlima utumbo umekaza, penye bonde umelegea. Ndivyo chakula kinavyosukumwa. Kwa mgonjwa wa kufunga choo mistari inalala, inakuwa tambarare kama uwanja wa mpira. Nilielewa yote. Nilipomweleza baba yake alisema nimeeleza kuliko hata Gaude, na mimi sikumkatalia.

Watu wa sokoni wana maneno. "Mama Gaude, ulimsomesha miaka yote hiyo aje aangalie mavi?"

Nikawajibu, "Na wewe wa kwako anaangalia nini? Simu ya shemeji yake."

Mdomo wangu ndio huo. Na mdomo wangu ndio umenikosesha raha leo.

Gaude alipopata ruhusa ya kufanya utafiti huku Ufipa, kwao, kwa watu wake, nilitaka kupaa. Aliniomba jambo dogo tu: "Mama, waambie wanajumuiya kuwa tunakuja kuongea na watu wenye matatizo ya tumbo. Anayekaa siku nyingi bila choo, anayevimba, anayeharisha kila mara, aje darasa la katekesi atuone."

Rahisi. Lakini nilipewa nafasi baada ya rozari, nikasimama, nikaona macho yote kwangu, na kilemba nilikuwa nimefunga kile kipya. Maneno ya mwanangu nikayaona madogo. Nikayapandisha cheo. Nikasema, "Daktari Gaudensia na wataalamu wenzake kutoka mjini watafika kupima choo. Kila kaya ijiandae."

Choo.

Yeyote aliyewahi kukaa mtaani kwetu anajua wanachosikia watu wakiambiwa kila kaya ijiandae na choo. Wanamsikia bwana afya. Wanasikia faini.

Wiki ile mtaa ulikuwa na shughuli ambayo sijawahi kuiona. Huyu anachimba, yule anaezeka, mwingine anasiriba udongo. Ndoo za majivu zikawekwa milangoni, chokaa dukani ikaisha. Na mimi, jamani, nilipita katikati yao kifua mbele. Nilidhani ndiyo heshima yenyewe, mtaa mzima unamsafishia njia mwanangu. Sikujiuliza choo cha shimo kinahusiana nini na mrija wa Gaude.

Siku yenyewe darasa la katekesi halikuwa na mtu. Baadaye akaja mzee Oresti, kavaa koti la misa.

"Shikamoo, babu," Gaude akamwamkia. "Karibu ukae. Tumbo linasumbuaje?"

"Marahaba. Tumbo langu zima kabisa," akasema mzee. "Nimekuja kukuchukua. Changu nimekipiga chokaa ndani na nje, twende ukione kabla kuku hawajakiingia."

Wenzake Gaude walicheka mpaka machozi. Gaude naye alicheka, akaenda kukiangalia kwa heshima ya mzee, akakisifu. Wakakaa siku zaidi, wakapita nyumba kwa nyumba kueleza upya, na watu kadhaa wakajitokeza. Nikaona mambo yamekwisha, imebaki hadithi ya kuchekesha.

Sikujua kuwa choo cha Mama Filbati kilititia wakati wa masika. Sikujua kwamba aliposikia tangazo langu alifunga kanga zake mbili akapanda gari kwenda Matai kwa binti yake aliyeolewa huko, akae mpaka "wakaguzi" waondoke. Wala sikujua kwamba kwa muda mrefu alikuwa anavimba na kunywea, anavimba na kunywea, anakaa siku nyingi hajaenda msalani, anakunywa maji ya mizizi na kulegeza kanga kiunoni. Jirani wa ua kwa ua. Nilimwona akilegeza hiyo kanga nikadhani ananenepa. Nikamtania hata.

Huko huko likamzidi, na Alhamisi wakamleta kutoka Matai analia kwa sauti ambayo sikujua kama anayo.

Jana Gaude, ambaye bado yuko huku na utafiti wake, alisimama nasi pale kwenye benchi. Yeye si mpasuaji, hapo hana lake, lakini wenzake wa wodini wanamheshimu na wanamweleza. Akamuuliza Baba Filbati kwa upole, "Baba, dalili zote alikuwa nazo. Mbona hamkuja siku ile pale katekesi? Tungemwahi."

Baba Filbati akasema, "Si tuliambiwa mnakagua vyoo, mwanangu. Na chetu kilikuwa kimezama."

"Nani aliwaambia tunakagua vyoo?"

Yule baba alinitazama. Akatazama chini, akavuta kofia yake. "Ah, tulisikia tu huko jumuiyani. Maneno ya watu."

Nami nikajishughulisha na fundo la mtandio wangu.

Mke wake amelala na mirija, na yeye ananisitiri mimi nisiaibike mbele ya mwanangu. Usiku sikula.

Leo nimekwenda mapema. Muuguzi akipita anauliza kwa sauti ya sokoni, "Mama, hewa imetoka?" Na Mama Filbati anatikisa kichwa, macho ukutani. Pembeni ya kitanda amekaa mkwe wake, yule mume wa binti wa Matai, kijana wa watu, amekuja na chupa ya chai. Nikajiambia, aha. Nani atajibu swali hilo mbele ya mkwe? Labda imetoka tangu alfajiri na yeye anaificha. Nikamwambia yule kijana, "Baba, hebu nenda kaninunulie sabuni pale nje, na usirudi haraka." Akaelewa, akaondoka.

Nikainama. "Mwenzangu, tuko wenyewe. Niambie kweli. Imetoka?"

"Bado," akasema. "Ningekuficha wewe?"

Nilikuwa nimeshaliandaa lile tabasamu. Sikuwa na pa kulipeleka.

Basi nikaketi kwenye kiti cha mkwe nikamwambia. Nilimwambia kwamba lile neno ni langu, kwamba Gaude alinituma tumbo mimi nikapeleka choo, kwa sababu nilitaka nionekane. Nikamwambia anisamehe.

Aligeuza uso kutoka ukutani. Kisha akanijibu kwa Kifipa, maana mambo mengine tukiyasema kwa Kiswahili yanakuwa kama ya serikali. Nayaandika hapa kama nilivyoyasikia moyoni.

"Najua ni wewe, nilikuwepo. Usijitwishe lote. Hata ungesema tumbo, nisingekuja."

"Kwa nini?"

"Kaa ufikiri, Mama Gaude. Yule mtoto nimembeba mgongoni. Alipokuwa anaharisha na wewe uko shamba, mimi ndiye niliyemtawaza. Leo nikae mbele yake kwenye kiti, nimwambie mwanangu, mama yako sijaenda haja wiki hii? Angekuja mgeni, labda ningemwambia. Mwarabu, Mzungu, yeyote. Si Gaude."

Muuguzi akarudi. Hewa? Bado.

Nilitoka nikamkuta Gaude kwenye korido nikamweleza yote, la tangazo langu na la yule mama. La tangazo hakulishangaa. "Mzee Oresti alishaniambia zamani, mama. Nilingoja uniambie mwenyewe." Lile la pili ndilo lililomkaa. Aliegemea ukuta na koti lake jeupe, akawa kama amerudi sekondari.

"Nilirudi huku kwa sababu ni kwetu," akasema. "Nilidhani kwetu ndiko wataniambia."

Nami hicho ndicho nilichojivunia kwa kila mtu. Kwamba mtoto wetu karudi kwetu. Kumbe mlango nilioupamba ndio uliofungwa.

Nikataka kumpa moyo. Nikamwambia nitawaongelea mimi, wanawake wataniambia mimi, nitamletea.

Akanitazama. "Na wewe, mama? Ya kwako umewahi kuniambia?"

Nikatazama viatu vyangu. Kila nikiongea naye kwenye simu huniuliza, mama unaendeleaje, nami humjibu mzima wa afya, simba. Wakati ya tumbo yapo. Kuna siku nakaa msalani mpaka miguu inaisha damu. Sijamwambia hata baba yake, ije kuwa mtoto.

"Tutaongea," nikamwambia. Hakunisukuma. Akanifunga vizuri mtandio wangu shingoni kama mimi nilivyokuwa namfunga yeye, akarudi wodini.

Basi niko hapa. Mkaa unaisha. Simu nimeiweka sauti ya juu kabisa na haijalia. Gaude atakaporudi kula nitamwambia yangu, kwa maneno yenyewe, hata kama itabidi nimpe mgongo niwe nakoroga sufuria.

Nimejaribu kumwombea Mama Filbati. Nimepiga magoti hapa kwenye majivu nikaanza vizuri, Bwana uliye mwingi wa huruma, mwangalie mtumishi wako, mjalie, na hapo nikakwama. Mjalie nini? Nikasema mjalie nafuu, lakini nafuu siyo tunayoingoja. Nikasema mjalie hewa, nikaona namwongelesha Mungu kama muuguzi. Hata mbele yake aliyeniumba na matumbo yangu naona haya.

Mwisho nikafumba macho nikasema kwa sauti, jikoni kwangu, mtu na asikie.

Bwana, mjalie ajambe.