Matone Machungu Kwenye Keki ya Kiapo

Mpendwa Shangazi Nakhisa, naomba msaada wako, na naomba uharakishe, maana Jumapili ijayo mke wangu ataweka mkono juu ya birika mbele ya kanisa zima na kuapa uongo ambao yeye mwenyewe haujui, na mwenye huo uongo ni mimi.

Mimi ni polisi mstaafu, mtu wa Kitgum, naishi Luzira, na siku hizi ni mlinzi wa baa moja kule Bugolobi kuanzia jioni, kwa hiyo mchana niko nyumbani, na mke wangu Docus ni karani bandarini Port Bell, anatoka asubuhi anarudi magharibi, na kwa kuwa Docus, Mungu amlinde, ni mwanamke wa akili nyingi ila hata maji akichemsha yanaungua, mimi ndiye mpishi wa nyumba tangu nilipovunjika mguu miaka minne iliyopita, nikakaa kitako jikoni nikagundua kwamba napenda. Shangazi, napenda sana. Naoka keki ya ndizi kwenye sufuria, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko, na ikipanda vizuri huwa naipigia saluti. Hakuna anayejua haya ila Docus, kwa sababu wenzangu wa kikosi wakisikia watanicheka mpaka mazishini kwangu.

Sasa pale baa kuna Mkenya anaitwa Odero, fundi wa kuchanganya kokteli, na siku moja tumbo liliponisumbua alinitilia matone mawili ya kitu chekundu kwenye soda akasema, "Mzee, hii inaitwa bitas. Ni mizizi tu na maganda ya miti, watu wa zamani walikuwa wanatibu tumbo nayo. Kunywa, utanishukuru." Tumbo likatulia kweli, akanipa na chupa yenyewe, kichupa kilichovaa karatasi kubwa kuliko mwili wake kama mtoto aliyevaa koti la baba, na ile harufu, Shangazi, karafuu, mdalasini, ganda la chungwa, halafu uchungu fulani unaokuja nyuma taratibu, nikasema kitu hiki hakiwezi kuishia tumboni mwa mlinzi. Kesho yake nikatia matone matatu kwenye kabalagala, vile vitumbua vya ndizi na unga wa muhogo, na Docus akala tisa akiwa amesimama na mkoba begani.

Hapo ndipo shetani aliponishika mkono. Nilitia kwenye keki, nikatia kwenye maharage, nikatia kwenye malakwang, ile mboga yetu chachu ya karanga, nikatia kwenye chai na kwenye uji, siku moja nikatia hata kwenye mayai, hayo simshauri mtu. Na wakati huohuo mama mkwe wangu, Mama Abalo, akaja kutibiwa macho kwa wiki mbili, na sasa huu ni mwezi wa tano. Kwetu Waacholi, namna nilivyolelewa mimi, mkwe na mama mkwe hawakai jikoni pamoja wala hawali wakitazamana, na mkwe kumpikia mama mkwe hilo hata sijui nani ataanza kulitamka, kwa hiyo yeye hukaa barazani, mimi hupitia mlango wa nyuma wa nyumba yangu mwenyewe, napika, naweka mezani, nasema kupitia dirishani kwamba chakula kimeachwa na Docus, nakohoa mara mbili, natoka, ndipo anapoingia.

Mama Abalo unapaswa kumjua, Shangazi, ili uelewe msiba wangu. Kwa miaka ishirini alikeneka waragi, ile pombe kali ya kienyeji, akasomesha watoto wote kwa pipa lile, lakini mume wake alipokufa kwa kinywaji hichohicho alichukua shoka akapasua mapipa yote, akaokoka, akaanzisha kundi la Akina Mama wa Birika, na alipofika Luzira hakumaliza mwezi kabla ya kulianzisha na huku. Anayejiunga huweka mkono juu ya birika kubwa, anaapa kwamba pombe haitagusa ulimi wake wala jiko lake, kisha wote wanakunywa chai na kula keki. Na keki ni yangu. Siku alipoionja mara ya kwanza alifumba macho, akasema, "Docus, mwanangu, hii keki iko na maneno." Tangu hapo hakuna mkutano bila hiyo keki, na akina mama waliokuwa wanaimba pambio mara mbili sasa wanaimba mara kumi na nne, mchungaji alikuja kutuombea dakika tano akakaa mpaka kipande cha tatu, na hata Hajati wa nyumba ya pili, mke wa sajini wangu wa zamani, nampelekea keki yake kila Ijumaa na ananiambia nimshukuru Docus.

Mwezi uliopita tone moja likaangukia mkaa, ukaruka moto wa buluu, ukala nyusi yangu ya kushoto yote. Nikampelekea Odero chupa, akavaa miwani akasoma maandishi madogo, akasema, "Mzee, hii ni pombe, asilimia arobaini na kitu. Kwani ulidhani ni maji ya baraka?" Nilipaswa kuacha siku ileile. Sikuacha, Shangazi. Niliongeza. Nilijaribu kuoka bila bitas, ikatoka keki tu, na mimi nilikuwa nimeshazoea sifa, hata kama zote zilikuwa zinakwenda kwa mtu mwingine.

Sasa Mama Abalo ametangaza kwamba Jumapili Docus ataingizwa rasmi kwenye Birika, keki ya kiapo itakuwa ileile, na kabla ya kuapa Docus asimame aeleze jinsi anavyoipika ili wengine wajifunze. Mimi nimemfundisha ndizi, unga, mayai, siagi, na yeye anajua anawadanganya watu kuhusu mpishi, hilo tulikubaliana na tukacheka, lakini habari ya chupa haijui kabisa. Anajizoeza mbele ya kioo, mkono juu ya birika letu dogo la chai, anasema, "Jikoni kwangu halijaingia hata tone moja," na akifika kwenye tone mimi natoka nje kuangalia kama kuna mvua. Juzi aliniambia kwamba tangu azaliwe mama yake hajawahi kumsifu kwa lolote, ila kwa keki hii. Alisema akitabasamu, na mimi sikulala.

Nimefikiria kuila keki yote mwenyewe Jumamosi, nimefikiria kuliiba birika, na Odero ananiambia pombe yote hupaa kwa moto, kwa hiyo si dhambi tena, ni mvuke. Nifanye nini? Tafadhali jina langu usilitaje.

Mlinzi wa Nyusi Moja, Luzira.

*

Mlinzi wangu wa Nyusi Moja, pole kwa nyusi. Pole yangu imeishia hapo.

Tuanze na Odero. Mwambie Shangazi amesema arudi kwenye kokteli zake. Moto huondoa pombe nyingi, lakini si yote, na kwenye chai unayodondoshea matone kikombe kikiwa tayari mkononi mwa mtu, hakuna kilichopaa kwenda popote. Na mimi sina ugomvi na bitas yenyewe. Wapo wapishi wanaotia kwenye keki, kwenye krimu, kwenye mchuzi wa nyama, na wanasema waziwazi wametia, anayetaka anakula na asiyetaka anapewa chapati. Mdomo wa mtu ni wake. Wewe umeingia kwenye midomo ya watu kwa mlango wa nyuma, kama unavyoingia nyumbani kwako.

Kwa Hajati sicheki hata kidogo. Nenda leo, kofia mkononi, kabla hujafanya jingine lolote. Usimweleze habari ya karafuu na mdalasini. Mwambie ulitia nini, tangu lini, na kwamba mwezi huu wa mwisho ulijua, kisha umwombe msamaha unyamaze. Usije ukajifanya sheikh ukamwambia kwamba asiyejua hana kosa, hilo analijua kuliko wewe. Na usiende na kitu chochote cha kuliwa.

Sasa Mama Abalo. Hebu tuketi, afande, maana nimeisoma barua yako mara tatu na kila mara nashangaa walikupaje kazi ya polisi. Docus yuko Port Bell tangu asubuhi. Mchana keki inatoka ikiwa moto, inatanguliwa na kikohozi cha mwanamume. Na anayeila ni mwanamke aliyekeneka waragi miaka ishirini, mtu ambaye angeweza kukuambia pipa la jirani limeiva kwa kupita tu njiani. Wewe unaamini hajui? Mama wa watu amekuja kutibiwa macho, hakuja kutibiwa pua!

Sina ushahidi, lakini nina mama mkwe, na nitakuambia ninavyoona. Kwamba mpishi ni wewe, nadhani anajua tangu wiki ya kwanza, na heshima ileile inayokutoa wewe nje ndiyo inayomfunga yeye mdomo, kwa sababu akilisema itabidi aache kula. Lakini kuhusu kile kilichomo ndani ya keki, ninavyofikiri ulimi wake ulitambua na moyo wake ukakataa. Mtu aliyemzika mumewe kwa ajili ya kitu fulani hataki kukikuta mkononi mwa binti yake. Huenda ndiyo maana anataka Docus asimame aeleze jinsi anavyoipika. Anataka kusikia orodha nzima. Nikifika hapo, ndugu yangu, kicheko kinaniisha, na kama kwako hakijaisha basi una moyo wa jiwe.

Na Docus je? Wewe unaogopa wazee wenzako wa kikosi watacheka wakisikia afande anaoka keki, kwa hiyo ukamvisha mkeo aproni yako. Sifa zilipokuja mkaona ni mzaha. Sasa mzaha umepanda madhabahuni, na siku mambo yakifichuka, na yatafichuka, maana njia ya mwongo ni fupi, atakayetazamwa ni yeye na mkono wake juu ya birika. Wewe utakuwa nyuma ya kanisa unaangalia kama kuna mvua. Hilo linaniudhi kuliko chupa yako.

Unaniambia keki ndiyo sifa ya kwanza aliyopewa na mama yake, kana kwamba wewe ndiye uliyempa. Hukumpa kitu. Umemfanya mwanamke mzima asubiri kusifiwa kwa jambo ambalo hakulifanya. Ulipovunjika mguu, nani alitoka asubuhi kwenda bandarini, akarudi magharibi, akakuogesha, akala ugali wako wa kwanza ambao nina hakika ulikuwa mbichi? Mama yake aliwahi kuambiwa hilo? Basi mtume mtu amwambie. Una midomo mingi ya kusingizia chakula kupitia dirishani, utumie mmoja kusema ukweli wa mkeo.

Haya, fanya hivi. Ukitoka kwa Hajati, mwambie Docus. Mwambie yote, na chupa iwe mezani aione. Atakasirika, na akishika sufuria wewe inama, usipige saluti. Kisha yeye, siyo wewe, ndiye aende barazani kwa mama yake, kama desturi yenu inavyotaka, na wewe ukae jikoni usikohoe. Kiapo kisogezwe mbele. Birika halitakimbia, na mchungaji akiulizia keki apewe chai.

Na keki usiiache, tafadhali. Mtu mwenye kipaji akikitupa kwa sababu ya aibu ananikera vilevile. Kausha maganda ya chungwa juani, chukua mdalasini, karafuu tatu, na jani moja tu la mululuza, ule uchungu ambao kila mtoto wa Kampala ameshikwa pua akanyweshwa akiwa na homa. Chemsha na maji na sukari kidogo mpaka yabaki nusu, chuja, tia kijiko kwenye unga. Haitakuwa keki ileile. Itakuwa keki ambayo unaweza kuieleza mbele ya birika lolote duniani, na atakayesimama kuieleza ni wewe, kwa jina lako, kwa sauti ya paredi. Wakicheka, wacheke. Umesimama mbele ya wenye bunduki, utashindwa kusimama mbele ya akina mama wenye vikombe?

Jambo la mwisho. Jumatatu nilikupigia simu kwenye namba uliyoandika chini ya barua, nikitaka kukuambia haya kwa siri. Ulikohoa mara mbili ukakata. Basi. Mficha uchi hazai, nawe umechagua kujifungulia gazetini. Jina lako sikulitaja, na ya wengine wote nimeyabadilisha kwa mkono wangu mwenyewe, lakini birika sikuweza kulibadilisha, na Luzira hakuna kanisa lingine linaloapia birika. Gazeti hili hufika kwenye geti la bandari saa mbili asubuhi. Makarani huingia kazini saa mbili na nusu, na wengi wao hulisoma wakiwa kwenye foleni.

Kama umesoma mpaka hapa na bado hujamwambia, weka kikombe chini. Iache keki iungue. Kimbia.